Vipimo ni safi, lakini tumbo halitulii: je, ninajiuguza?

Shikamoo daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 34, nimeolewa na nina watoto wawili. Mwaka juzi nilihamishiwa shule mpya, na baada ya miezi michache nikapewa jukumu la mwalimu wa taaluma. Katika muhula huo huo niliugua tumbo la kuhara lililonilaza kitandani kwa siku kadhaa, nikatibiwa, nikapona. Ila tangu hapo tumbo langu halijarudi katika hali yake.

Linanisokota chini ya kitovu, hasa asubuhi. Siku yenye kikao cha wazazi, au nikisikia kwamba wathibiti ubora wa shule wanakuja, nitaingia chooni mara tatu au nne kabla wanafunzi hawajapanga mstari, na kila nikitoka maumivu hupungua kidogo kisha hurudi. Siku hizo hizo chakula cha jana yake usiku nakisikia bado kimekaa juu ya tumbo na kichefuchefu kinanishika, huku chini naharisha. Kisha hufuata siku mbili tatu za kufunga choo, tumbo linajaa gesi mpaka sketi inanibana. Sijaona damu kwenye choo, sijapungua uzito, na usiku siamshwi na maumivu.

Nimepimwa choo, nimepimwa damu, nimepigwa picha ya ultrasaundi, na mwaka huu nimeingizwa mpira wenye kamera hadi kwenye mfuko wa chakula. Kila kitu kimeonekana safi, isipokuwa kipimo cha taifodi ambacho kila nikipima huambiwa ninayo, nami nimekwisha kumeza dawa zake mara nyingi bila nafuu. Mama mkwe anasema ni chango na hunichemshia mizizi. Mume wangu, ambaye ananitakia mema, anasema ni mawazo tu, nikiacha kuwaza nitapona. Kwa kuogopa aibu nimeacha kunywa chai ya asubuhi; sili kitu hadi mapumziko ya saa nne, ninapokunywa chai ya maziwa na chapati, na mchana nakula wali na maharage pamoja na wenzangu. Kabla ya hapo tumbo huunguruma darasani mpaka wanafunzi wa dawati la mbele wanasikia.

Naomba unieleze: hofu iliyo kichwani inawezaje kuendesha tumbo? Na je, mimi ni mgonjwa kweli, au ninajiuguza?

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwalimu.

Hujiuguzi. Maumivu unayoyasikia yanatoka kwenye utumbo unaobana na kuvutika kwelikweli, na habari zake hufika ubongoni kupitia neva, yaani mishipa ya fahamu, kama zinavyofika habari za maumivu mengine yoyote ya tumboni. Vipimo ulivyofanyiwa vimekusudiwa kutafuta vidonda, vijidudu, uvimbe na mawe. Hakuna hata kimoja kinachoonyesha jinsi neva zinavyouamuru utumbo ubane lini, ulegee lini na utoe majimaji kiasi gani. Kamera iliuona ukuta wa mfuko wa chakula ukiwa hauna jeraha, na hiyo ni habari njema ya kushukuru, lakini ukuta usio na jeraha unaweza kuwa na mwendo uliovurugika.

Nianze na ukuta wenyewe, kwa sababu humo ndimo lilipo jibu la swali lako. Kuanzia kwenye umio hadi kwenye njia ya haja kubwa, ndani ya ukuta huo umetandazwa mtandao wa neva wenye chembe zinazozidi milioni 100, uliokaa katika tabaka mbili. Tabaka la kwanza liko kati ya misuli ya mviringo na misuli ya urefu, na kazi yake kubwa ni mwendo. La pili liko chini ya utando wa ndani, nalo husimamia zaidi utoaji wa majimaji na mtiririko wa damu. Wataalamu wawili wa Kijerumani wa karne ya 19, Georg Meissner na Leopold Auerbach, ndio waliozieleza tabaka hizo, na hadi leo vitabu vya tiba vinaziita kwa majina yao.

Chukua chapati yako ya saa nne. Ikisha kusagwa ikawa uji mzito na kuingia kwenye utumbo mwembamba, inautanua ukuta pale ilipo. Chembe maalumu za utando wa ndani huhisi mtanuko huo na kumwaga serotonini, kemikali ambayo wengi wamesikia ikitajwa katika habari za ubongo na furaha, ilhali takriban asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili iko kwenye njia ya chakula. Serotonini hiyo huziamsha neva zilizo jirani, nazo hutoa amri mbili kwa wakati mmoja: misuli iliyo nyuma ya uji ikaze, na iliyo mbele yake ilegee. Uji unasogea kidogo, na amri hizo zinatolewa upya pale ulipofikia. Mwaka 1899, William Bayliss na Ernest Starling wa London walikata neva zilizouunganisha utumbo wa mbwa na ubongo na uti wa mgongo, wakaona kwamba ukiubinya utumbo huo bado unakaza juu ya mahali palipobinywa na kulegea chini yake. Hakuna kiungo kingine nje ya ubongo na uti wa mgongo chenye uwezo mkubwa namna hiyo wa kuhisi, kupima na kuamua chenyewe.

Hata hivyo utumbo hauishi peke yake. Uhusiano wake na ubongo unafanana na ule wa shule yako na wizara: wizara haigongi kengele za vipindi wala haisahihishi madaftari, lakini waraka ukishuka kutoka huko, mwenendo wa shule nzima hubadilika. Nyaraka za ubongo hushuka kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni neva ya vagasi, inayotoka chini ya ubongo, ikapita shingoni na kifuani, ikaingia tumboni. Hii ndiyo inayotayarisha mlo. Ukisikia harufu ya vitunguu vikikaangwa, mate hujaa kinywani kwa amri ya neva za kichwani, na vagasi nayo huuamuru mfuko wa chakula uanze kumwaga asidi kabla hujaosha mikono. Ivan Pavlov wa Urusi alilionyesha jambo hilo kwa mbwa, na kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Vagasi pia huulegeza mfuko wa chakula ili upokee mlo bila kuuma. Lakini jambo ambalo ningependa mume wako alisome kwa utulivu ni hili: nyuzi nyingi za neva hiyo, takriban nne katika kila tano, hazishuki na amri. Zinapanda na habari kutoka tumboni kwenda ubongoni. Kwa hiyo tumbo lililovurugika huuhangaisha ubongo kama vile ubongo uliohangaika unavyolivuruga tumbo, na kumwambia mtu wa namna hiyo aache kuwaza ni kumtaka afunge upande mmoja tu wa barabara yenye pande mbili.

Njia ya pili ni neva za dharura zinazotoka kwenye uti wa mgongo. Mwili ukihisi hatari, neva hizi huongeza mapigo ya moyo, hupunguza damu inayokwenda tumboni ili misuli ya miguu na mikono ipate zaidi, na huzuia mwendo wa mfuko wa chakula. Walter Cannon wa chuo kikuu cha Harvard aliliona hilo kwa macho yake mwishoni mwa karne ya 19, alipokuwa akiwalisha paka chakula kilichochanganywa na unga unaoonekana kwenye eksirei. Mawimbi ya mfuko wa chakula yaliyokuwa yakipita kwa utaratibu yalisimama paka alipokasirika au kuhangaika, yakarudi alipotulizwa. Mwili wako haupambanui sana kati ya simba na mgeni mwenye faili la ukaguzi. Ukishaamua kwamba kuna hatari, amri zinazotoka ni zile zile.

Hapo ndipo penye fumbo ulilolieleza vizuri kuliko wagonjwa wengi ninaowasikiliza: ikiwa hofu husimamisha tumbo, kwa nini wewe unakimbilia chooni? Sababu ni kwamba hofu haiutendei utumbo wote sawa. Wakati wa msukosuko ubongo hutoa kemikali inayoanzisha mfululizo mzima wa homoni za dharura, na kemikali hiyo hiyo, kupitia neva, hufanya kazi mbili zinazoonekana kupingana: hupunguza kasi ya mfuko wa chakula kujimwaga, na huongeza kasi ya utumbo mpana. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hupokea amri zake kutoka neva za chini kabisa ya uti wa mgongo, nazo siku ya kikao huusukuma kwa nguvu kabla maji hayajafyonzwa ipasavyo, ndiyo maana choo hutoka laini. Kwa hiyo chakula cha jana kilichokaa juu, kichefuchefu, na kuhara chini ni dalili za jambo moja lililotokea kwa saa moja. Siku zinazofuata, utumbo huo huo ukipunguza mwendo, maji hufyonzwa kupita kiasi, choo kinakuwa kigumu, na gesi inakosa njia.

Lakini kila mwalimu huogopa ukaguzi, na wengi wao hawaumwi kama wewe. Naamini tofauti ilianza na ule ugonjwa wa kuhara wa mwaka juzi. Baada ya maambukizi makali ya tumbo, takriban mtu mmoja katika kila 10 hubaki na utumbo ambao neva zake zimeongezewa ukali wa kuhisi hata baada ya vijidudu kuondoka; na uwezekano huo ni mkubwa zaidi kwa wanawake na kwa waliokuwa katika kipindi cha wasiwasi walipougua. Wewe uliugua katika muhula wa shule mpya na madaraka mapya. Kwa wagonjwa wengi wa namna hii, puto dogo likijazwa hewa ndani ya utumbo wa mwisho, huumia kwa kiasi cha hewa ambacho mwingine anakihisi kama mguso tu. Gesi ya kawaida ya maharage, ambayo mwenzako wa ofisini haimshughulishi, kwako ni msokoto.

Madaktari huliita tatizo hili kwa kifupi IBS, yaani "irritable bowel syndrome", utumbo ulio mwepesi wa kukereka. Hulitambua kwa maumivu ya tumbo yanayokuja walau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu ya karibuni, yanayohusiana na walau mambo mawili kati ya haya matatu: kwenda choo, mabadiliko ya idadi ya choo, na mabadiliko ya ulaini wake, yakiwa yameanza angalau miezi sita nyuma. Maelezo yako yanafuata mtiririko huo karibu neno kwa neno, ingawa siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa barua. Anayestahili kufanya hivyo ni daktari atakayekushika tumbo. IBS haigeuki kuwa saratani wala haitoboi utumbo. Lakini ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, ukipungua uzito bila kukusudia, ukipata homa, ukishindwa kumeza, ukiamshwa usiku na maumivu au kuhara, au ukiambiwa umepungukiwa damu, usisubiri hata kidogo, kwa kuwa dalili hizo huweza kuwa na chanzo kingine.

Kuhusu taifodi, naandika kwa uchungu kwa sababu naliona jambo hili karibu kila siku. Kipimo cha haraka cha Widal hutafuta kinga ambazo mwili umezitengeneza, na kinga hizo huweza kubaki kwenye damu kwa muda mrefu baada ya ugonjwa uliokwisha pona, au kutokana na chanjo, au hata maambukizi mengine yanayofanana. Jibu moja la kipimo hicho kwa mtu asiye na homa halitoshi kusema ana taifodi. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara. Kila dozi ya antibayotiki uliyomeza bila sababu iliua pia bakteria wenye manufaa wa utumbo mpana, ambao wenyewe wanashirikiana na neva tulizozitaja. Usikubali tena dawa za taifodi kwa sababu ya tumbo kusokota peke yake.

Sasa tuje kwenye chai ya asubuhi uliyoiacha, maana hapo umejinyima msaada mkubwa bila kujua. Tumbo linapokuwa tupu, neva za ukuta wake huanzisha wimbi la usafi kila baada ya dakika 90 hadi 120, linalofagia mabaki kutoka kwenye mfuko wa chakula hadi mwisho wa utumbo mwembamba, na mngurumo wanaousikia wanafunzi wako kwa sehemu kubwa ni wimbi hilo likipita juu ya hewa na majimaji. Ukila, wimbi hukoma. Tena chakula kikiingia kwenye mfuko, neva hupeleka habari kwenye utumbo mpana kwamba ujitayarishe kutoa, na mwito huo huwa na nguvu zaidi asubuhi baada ya usingizi. Kwa hiyo badala ya kuukimbia, utumie ukiwa nyumbani: amka mapema kuliko sasa, kula kitu kidogo na laini, kwa mfano uji mwepesi au kipande cha kiazi kitamu na kikombe cha kinywaji cha moto, kisha ndani ya nusu saa nenda chooni ukae bila haraka, miguu ikiwa imeinuliwa kidogo ikiwa choo chenu ni cha kukaa. Usikamue. Fanya hivyo kila siku, hata siku za kufunga choo na hata siku za likizo, kwa sababu neva hizi hufundishika kwa ratiba. Wiki za mwanzo huenda usione badiliko, endelea.

Maziwa yajaribiwe peke yake kwanza. Watu wazima wengi wa Afrika hawana tena kimeng'enyo cha sukari ya maziwa walichokuwa nacho utotoni, ingawa kwa Wamasai na jamii nyingine za wafugaji wengi hubaki nacho. Kunywa chai ya rangi kwa wiki mbili, usibadili kitu kingine, na uandike yanayotokea. Tumbo likitulia, umepata jibu. Lisipotulia, rudisha maziwa yako na ugeukie maharage. Haya yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja, bakteria wa utumbo mpana huzichachusha, na gesi hutanua ukuta uliokwisha kuwa mwepesi wa kuumia. Nyumbani yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa maji mapya na ule kiasi kidogo. Shuleni, siku yenye kikao, pakua mboga nyingine. Sikushauri ufute vyakula kumi kwa pamoja, kwani utadhoofika na hutajua kipi kilikuwa kinakudhuru.

Kwa ile nusu saa ya kabla ya kikao, kuna jambo unaloweza kufanya ukiwa umeketi ofisini bila mtu kutambua. Weka kiganja juu ya kitovu, vuta pumzi kwa pua polepole hadi kiganja kiinuke, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, ukilenga pumzi sita tu kwa dakika moja. Moyo hupungua kasi kila unapotoa pumzi kwa sababu vagasi hupata nafasi, na kwa kupumua hivyo dakika tano au zaidi unaupa upande wa utulivu wa neva zako nguvu dhidi ya upande wa dharura. Litafaa zaidi ukilifanyia mazoezi jioni, wakati huna hofu yoyote. Kutembea kwa miguu mara nyingi kwa wiki nako kunasaidia choo na wasiwasi kwa pamoja.

Hayo yasipotosha, zipo dawa. Daktari anaweza kukupa za kulegeza misuli ya utumbo, au amitriptilini kwa dozi ndogo usiku. Ukisoma karatasi ya amitriptilini utakuta imeandikwa kuwa ni ya sonona, na najua mume wako atasema, "Si nilikwambia ni mawazo?" Umjibu kwamba kwa dozi ndogo namna hiyo dawa hutumika kupunguza ukali wa neva za maumivu, na kwamba katika njia ya chakula na katika ubongo kemikali nyingi zinazotumika ni zile zile. Mazungumzo na mshauri nasaha aliyefunzwa yana manufaa pia, wala kuyakubali si kukiri kwamba uliyabuni maumivu.

Mama mkwe umheshimu na umshukuru, maana anachemsha mizizi kwa kukuhurumia. Mweleze tu kwamba baadhi ya mizizi ya chango huweza kuharisha, na utumbo wako ukisha kuharishwa kwa nguvu hufunga siku zinazofuata, kwa hiyo unaomba upumzike nayo kwa miezi kadhaa. Akitaka kukusaidia jikoni, hiyo kazi ya kuloweka maharage usiku anaiweza vizuri.

Anza leo daftari dogo la kila siku: umekula nini na saa ngapi, choo kilikuwaje, maumivu yalikuja lini, na siku hiyo shuleni kulikuwa na nini. Baada ya mwezi mmoja mpelekee daktari wa hospitali daftari hilo pamoja na orodha ya dawa zote ulizowahi kutumia, za duka na za mizizi, na umwombe akupime wingi wa damu kwanza kabla hajaandika dawa nyingine yoyote.